Salamu za Benchi la Nyuma

Kila Jumapili, ibada ya kwanza ikishamalizika na ya pili haijaanza, Marcelina alichukua ndoo na dekio akaenda kukausha sakafu chini ya benchi la nyuma, upande wa kushoto wa kanisa la Mukendo, mjini Musoma. Hapo ndipo walipokaa waumini waliozama kati ya kisiwa cha Rukuba na Musoma. Waliingia kengele ya pili ikishalia, wameloa chapachapa, wakipitia mlango wa pembeni ili wasiharibu zulia. Waliimba vizuri, hasa sauti ya tatu. Kasoro yao ilikuwa maji tu.

Benchi la kwanza la mbao za kawaida lilivimba na kupasuka kabla ya mwaka kwisha. Wazee wakamwita Muharami, fundi wa boti kule mwaloni, mitumbwi inakotia nanga, ambaye alikuwa Mwislamu na hakuwa na maneno mengi. Alilitazama lile benchi, akawatazama wenyewe waliolikalia, akasema hapa panahitaji mbao za boti. Akatengeneza jipya, akaziba mishono yake kwa pamba na lami kama anavyoziba mitumbwi. Hilo halikupasuka, ila lilirefushwa kila walipoongezeka.

Kwenye benchi hilo alikaa mwinjilisti Mugeta, aliyezama akitoka kubatiza. Walikaa pia ndugu wawili wavuvi wa dagaa. Na alikaa Sara, mdogo wake Marcelina, aliyezama miaka mitatu nyuma akikimbizwa hospitali kujifungua. Mtoto wake alizaliwa humohumo majini, akamwita Clever. Clever alikuwa ameandikishwa shule ya Jumapili, lakini mwalimu alimrudisha kwa mama yake kwa sababu alikuwa analowesha karatasi za wenzake za kuchorea.

Kanisa la Mukendo lilikuwa na tawi kule kisiwani, na tawi halikuwa na boti. Waumini walivuka na chochote kilichokuwa kinavuka: mtumbwi wa dagaa, mtumbwi wa mkaa, mtumbwi wa mtu aliyekunywa. Marcelina alikuwa katibu wa umoja wa wanawake. Kwa miaka mitatu alikuwa akitafuta kitu kimoja, boti ya tawi, yenye injini na jaketi za kujiokolea. Mwaka huu aliitafuta kwa haraka zaidi, maana binti yake Jeska, aliyeolewa Rukuba na mvuvi aitwaye Fredy, alikuwa na mimba ya kwanza.

Mahali pa kuiomba palikuwapo. Kanisa lilikuwa na marafiki ng'ambo, watu wema waliokuja kila Julai kufanya kazi ya utume, na kila Februari marafiki hao walituma fomu ya ukurasa mmoja yenye kichwa "Mahitaji Yenu". Fomu iliandikwa na Marcelina na kupitiwa na wazee wa kanisa. Na hapo kwa wazee ndipo mambo yalipokuwa yanakwama.

Mzee Wanzagi, mwenyekiti wa wazee, alikuwa mtu wa Butiama aliyelelewa akalelewa hasa. Kwake yeye, mtu hafiki kwa mwenzake akaanza na shida. Kwanza anasalimu. Kwa hiyo barua ilianza kwa kulisifu jina la Bwana, zikafuata salamu za mchungaji na familia yake, za wazee mmoja mmoja, za kwaya kuu, kwaya ya vijana, wanawake, watoto, na tawi la Rukuba. Kisha zikaja shukrani za msaada wa mwaka jana, na za mwaka juzi, kwa sababu asiyeshukuru kidogo hata kikubwa hashukuru.

"Na wa benchi la nyuma," Mzee Wanzagi aliagiza. "Nao ni waumini. Waandike kwa majina, wasijisikie wametengwa."

"Mzee, nafasi imeisha," Marcelina alisema.

"Nafasi ya salamu huwaga haiishi, mama."

Februari ile, Marcelina alibana herufi mpaka macho yakamuuma, akafika mstari wa mwisho akiwa ameweza kuandika maneno manne: "Tuna hitaji moja tu." Ukurasa ukaisha. Akataka kuongeza karatasi ya pili, wazee wakasema fomu ni ya wenyewe, haiongezwi mkia. Majibu yalikuja mwezi wa nne, na Mchungaji Mashimba aliyasoma mbele ya kanisa zima. Marafiki walifurahi mno kusikia kwamba waumini wa Mukendo walikuwa na hitaji moja tu, wakati wao huko ng'ambo walikuwa na mengi yasiyohesabika. Waliahidi kuliombea. Kanisa likapiga makofi. Marcelina hakupiga, alikunja kanga yake na kuikunjua.

Julai wageni walifika, watu saba, wakiongozwa na mama mmoja mpole aitwaye Mary. Walipaka rangi ukuta wa darasa la shule ya Jumapili, ukuta uleule uliopakwa na wenzao mwaka uliotangulia. Walicheza mpira na watoto, wakasali na kanisa la Bunda, wakapelekwa Mwitongo siku moja kuona kaburi la Baba wa Taifa. Siku ya Jumapili waliketi viti vya mbele. Wakati wa kusalimiana Mary alizunguka kanisa zima akitoa mkono, akafika benchi la nyuma, akamkuta Sara.

Aliushika mkono wa Sara na maji yakaingia kwenye shati lake mpaka kwenye kiwiko. Mary hakuuondoa mkono wake. Macho yalimjaa machozi, kwani alikuwa mtu wa huruma ya kweli. Akamgeukia mchungaji, akamuuliza mwanamke huyu ana nini.

"Ameloa," alisema Mchungaji Mashimba.

Mary akavua mtandio wake, akamfuta Sara uso, na shingo, na mabega. Akamfuta na Clever. Sara alishukuru. Mtandio ulipojaa maji Mary aliukamua nje ya mlango, akarudi kufuta tena, na Sara alikuwa ameloa kama mwanzo.

Marcelina aliona yote hayo, na kwa mara ya kwanza moyo wake ulipata tumaini. Huyu ameona kwa macho yake, aliwaza. Aliyeona haandikiwi fomu.

Chakula cha kuwaaga wageni kililiwa uani kwa mchungaji Jumanne saa saba mchana. Palikuwa na sato wa kukaanga, ugali wa muhogo, wali na kuku. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husemwa, na kweli wenyeji walipona siku ile, mpaka wapishi wakapata vipande vyenye nyama. Katikati ya kula Mary aliweka kijiko chini, akauliza swali kwa Kiswahili, alilokuwa amefundishwa na kulikariri:

"Tafadhali, mnahitaji nini zaidi?"

Mzee Wanzagi alisimama, akafuta mikono. "Sisi hatuna shida," alisema. "Ninyi kuja ndiyo msaada. Kuleni, mshibe."

Wazee wakaitikia amina. Marcelina alikuwa amebeba bakuli la mchuzi. Aliliweka chini.

"Tunahitaji boti," alisema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Ya Rukuba. Watu wanakufa. Mdogo wangu yule mliyemfuta alikufa kwa kukosa boti, na mwanangu yuko kule ana mimba ya miezi saba. Mficha uchi hazai. Boti, na jaketi."

Mary, ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye lile swali, alimtazama mchungaji. Mchungaji Mashimba alitabasamu, akatafsiri kwa muda mrefu, akinyoosha mkono mara kwa Marcelina, mara kwa sufuria, mara mbinguni. Marcelina aliishia darasa la saba, lakini neno la Kiingereza la boti alilijua. Wavuvi wote wanalijua. Alilisubiri. Halikuja. Mary alisimama, akamkumbatia kwa nguvu, akalia begani kwake.

Jioni Marcelina alimkuta mchungaji akifunga ofisi.

"Mchungaji, umewaambia nini wale?"

"Nimewaambia umefurahi kuwapikia, na unamkumbuka sana marehemu mdogo wako."

"Mimi nilisema boti."

"Mama Jeska," mchungaji alisema kwa upole, naye hakuwa mtu mbaya, "mgeni hasomewi shida ameshika mfupa mkononi. Tulikuwaga tunafundishwa hivyo hata kwetu. Utamkaba. Boti tutaiweka kwenye fomu."

Jumapili iliyofuata, Marcelina alipokuwa anadeki, Sara alikuwa bado hajaondoka. Alikuwa anamchana mwanawe nywele kwa vidole, akimwaga maji kwenye sakafu iliyokwisha kukauka.

"Dada, Jeska ana miezi mingapi sasa?"

"Wa nane unaingia."

Sara alifikiri. Kisha akamchukua Clever, akamweka upande wa pili, akasogea kuelekea kwa mwinjilisti Mugeta, na pembeni yake pakabaki nafasi ya kumtosha mtu mmoja.

Marcelina alilikita dekio chini. "Rudi hapo ulipokuwa."

"Nasogea tu, dada."

"Nimekwambia rudi. Kaa ulivyokuwa umekaa."

Sara alirudi, kwa kuwa siku zote alikuwa mtiifu kwa dada yake. Lakini Jumapili zilizofuata, kila Marcelina alipomaliza kudeki na kuinua kichwa, alikuta ile nafasi ipo.

Alimpigia Jeska simu, akamwambia avuke sasa hivi, aje asubirie kujifungua Mukendo. Jeska alisema anakuja, ila dagaa walikuwa wengi wiki ile na hapakuwa na wa kuwaanika. Akampigia tena. Jeska alisema mama mkwe wake anaumwa. Akampigia mara ya tatu, Fredy akapokea, akasema kwa adabu zote kwamba mama asiwe na wasiwasi, anatafuta mtumbwi mzuri, na mtumbwi mzuri huwaga haupatikani haraka. Marcelina akakata simu, akatukana, akaomba toba, akatukana tena.

Mwezi wa tisa, kundi jingine la marafiki waliokuwa wanakwenda Bunda lilipita Mukendo na kushusha maboksi sita. Ilikuwa zawadi ya Mary. Aliporudi kwao alisimulia kanisani habari ya mwanamke aliyeloa, na watu wakaguswa, wakajitolea. Maboksi yalifunguliwa mbele ya wazee. Yalikuwa na taulo mia mbili, nzito, nyeupe, kila moja imetariziwa samaki mdogo wa bluu kwenye pindo. Zilikuwa taulo nzuri sana. Hata Marcelina aliposhika moja alikiri kwamba mjini hakuna kama ile.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo, saa nne asubuhi, uchungu ulimshika Jeska. Fredy hakuwa amepata mtumbwi mzuri. Alipata wa mkaa, na katikati ya maji upepo uliwakuta. Ijumaa wavuvi walimleta Fredy mwaloni akiwa amekumbatia dumu tupu, na mikono yake ilibidi ifunguliwe kidole kimoja kimoja. Marcelina alilia mpaka sauti ikaisha, na ilipoisha akaendelea bila sauti.

Jumapili aliamka, akavaa, akaenda kanisani. Alisimama kwenye mlango wa pembeni akiwa na dekio.

Kengele ya pili ikalia. Mugeta akaingia, wale ndugu wawili wakaingia, Sara na Clever wakaingia. Nyuma yao aliingia Jeska, amejifunga kanga aliyopewa na mama yake siku ya kuolewa, na mgongoni kabeba kichanga. Alikuwa anachuruzika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," alisema Marcelina. "Ni nani?"

"Wa kiume. Hatujamwita bado."

Jeska alikwenda kukaa kwenye nafasi aliyoachiwa. Mzee wa zamu aliwaletea taulo, moja ya mama na moja ya mtoto, na nyingine nne za kutandika chini. Kwenye sala ya shukrani Mzee Wanzagi alimsifu Mungu ambaye hachelewi, aliyejua kabla kwamba taulo zitahitajika wiki ileile.

Jumatatu Muharami aliitwa kurefusha benchi. Alipima, akakata, akaziba mishono, na alipomaliza alisimama akilitazama, kichwa amekiinamisha upande.

"Mama Jeska," alisema, "hizi mbao mlizonilipa nitengeneze na kurefusha hili benchi, ukizijumlisha zote ningekuwa nimekutengenezea boti."

Marcelina alisema hilo alikuwa anajua.

Februari fomu ikaja. Safari hii Marcelina aliandika mstari wa kwanza kabisa, kwa herufi kubwa: "BOTI." Aliacha ukurasa uliobaki mweupe, akaipeleka kwa wazee. Ilirudishwa siku hiyohiyo bila ukali wowote, na fomu safi ikiwa imebanwa juu yake. Mzee Wanzagi alikuja nayo mwenyewe, akakaa, akakubali chai. Alisema anaelewa uchungu wake, naye kisima cha machozi yake hakijakauka, lakini barua isiyo na salamu ni barua ya ugomvi, na hatuna ugomvi na wale watu.

Basi Marcelina akaandika upya mezani pake. Akalisifu jina la Bwana. Akaandika mchungaji na familia yake, wazee mmoja mmoja, kwaya kuu, kwaya ya vijana, wanawake, watoto, tawi la Rukuba. Akashukuru kwa taulo, akaeleza kwamba zimefika kwa wakati na zinatumika. Akaandika kwamba wanaowasalimu pia ni mwinjilisti Mugeta, na wale ndugu wawili, na Sara, na Clever, na Jeska, na mtoto wa Jeska ambaye bado hajapewa jina. Ukurasa ukaishia hapo.