Jina Lililotajwa Mimbarini

Mchungaji Thaddeus Gilliam alikuwa na sauti, jamani. Akianza kuhubiri pale Mlima Nebo, kanisa la mbao la watu weusi wa Hollis Creek, Mississippi, hata wagonjwa walisahau kukohoa. Na kwao mhubiri hahubiri peke yake: akitupa neno, waumini wanamrudishia. "Sema, Mchungaji!" "Usituache hapo!" Wakishakupandisha hivyo, kushuka ni kazi.

Mwaka ule wa 1962 alizunguka nyumba hadi nyumba akitafuta watu wa kwenda mahakamani kujiandikisha kupiga kura. Wengi walimfungia milango, maana mweusi aliyethubutu kujiandikisha wazungu walimfukuza kazi, au hata kumuua. Shemasi Amos Tolliver, aliyelima pamba katika shamba la mzungu kwa kugawana mavuno, ndiye aliyekubali kutangulia.

"Ila ngoja nipate fungu langu kwanza," alimwambia. "Kabla ya hapo asijue mtu, Mchungaji."

"Kifuani mwangu halitoki."

Lilitoka. Jumapili iliyofuata mahubiri yalikolea, akina mama wakapiga makofi, mzee mmoja akapaza sauti, "Tuonyeshe mmoja! Mmoja tu asiyeogopa!" Gilliam, jasho likimtoka, akanyoosha mkono. "Yupo! Shemasi Tolliver, simama wakuone!"

Ukiitwa kutoka mimbarini, husemi hapana. Tolliver alisimama, uso umemsawijika, kanisa likilipuka kwa shangwe. Nani alipeleka neno kwa wazungu? Mpaka leo haijulikani, na lililosemwa mbele ya kanisa zima utamshika nani? Jumatano maiti ya Tolliver ilitolewa mtoni.

Gilliam alikwenda kwa mjane akiwa ameshika kofia mkononi. Nyumba ilijaa wanawake, kuku wa kukaanga na mikate ya mahindi. Velma Tolliver alikuwa jikoni, hali wala halii.

"Dada Velma, nimekuja tupange mazishi."

"Yameshapangwa. Nimemwomba mchungaji wa Wamethodisti."

"Wamethodisti? Amos alibatizwa kwetu! Shemasi wetu!"

"Unanifundisha mume wangu?"

"Basi nipe nafasi ya maneno machache tu. Nimuage."

"Machache." Velma alimgeukia. "Kwani yale ya Jumapili yalikuwa mangapi?"

Shangazi yake, Bi Hattie, akaguna. "Velma, mwanangu, naye ameumia."

"Akaumie kwake, shangazi. Hapa hapana nafasi."

Kwa hiyo siku ya mazishi Gilliam alikaa benchi la nyuma kabisa, mgeni katika kanisa lake mwenyewe. Yule Mmethodisti, Mungu amsamehe, alihubiri kama mtu anayesoma bei za dukani, na hakuna aliyemwitikia. Gilliam, mwenye kipaji kile, akatafuna leso yake asije akapiga yowe. Ni mimi niliyemuua, aliwaza, kwa kupenda kushangiliwa. Na kweli alipenda, tusimpake mafuta.

Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya kwenda mahakamani kujiandikisha. Aliegesha gari nje ya kanisa, akasubiri. Wachache waliokuwa wameahidi kumfuata Tolliver walipitia njia nyingine, na nani angewalaumu? Alikuwa anawasha gari aondoke alipomwona Velma anakuja, amevaa nguo zake nyeusi.

"Nipeleke."

"Dada Velma, hapana! Watakuua na wewe."

"Amos aliahidi. Nakwenda badala yake."

"Niache niende kwanza nika..."

"Nisikilize, Mchungaji. Sina gari, na mwingine wa kunipeleka hayupo. Ningempata, ningepanda la kwake. Lakini usinihubirie, usiniombee. Usinitamkie hata neno moja."

Akamfungulia mlango. Wakapita kando ya shamba alilolima Amos, pamba imepasuka nyeupe, haina wa kuivuna. Hapo Gilliam alifungua kinywa. Alitaka kusema nisamehe, hilo tu. Velma, macho yakiwa mbele, aliinua kiganja.

Gilliam akafumba kinywa. Machozi yalimtiririka mpaka kwenye kola, na hadi wanafika mahakamani hakusema kitu.