Farasi Aliyezoea Sauti Yangu

Madam Nelius alinipa chupa ya maji, akaniambia nijaze mdomo, nisimeze, kisha nipande farasi.

"Ukirudi na hayo maji mdomoni, tumeendelea," alisema. "Ukirudi bila, ulikuwa unaongea."

Asubuhi za Timau maji hukaa kama yamelala nje kwenye baridi. Meno yaliniuma. Nilimzungusha Ngano uwanjani, kwanza akitembea, kisha kwa mbio fupi. Tulipokaribia uzio akakaza shingo kwa sababu trekta lilinguruma upande wa pili. Nikataka kumwambia ni trekta tu. Maji yakanitokea puani.

Nelius alicheka mpaka akashika uzio. "Kawira, watu huwasemeshi, mtu angedhani ulimi umeuweka rehani. Lakini kwa huyu farasi wewe ni redio ya sokoni."

Ilikuwa kweli. Mama, ambaye ni mwalimu kule Kaaga, husema nilizaliwa na maneno machache na ninayatunza. Nilipomaliza chuo, ambako nilisomea afya ya mifugo, niliajiriwa katika shamba la ngano la Mzee Kaimenyi kuwatibu farasi wake. Ngano alikuwa mwoga kiasi kwamba hakuna aliyeweza kumfunga tandiko. Nilikaa bandani mwake nikamsimulia mambo kwa Kimeru: nilichokula, mhubiri alichosema Jumapili, jinsi mvua ilivyotunyima. Siku moja akaniwekea kichwa begani. Nilijifunza kumpanda hivyohivyo, kwa kumwomba kwa mdomo. Kwa miguu na mikono nilijua kidogo tu. Ndiyo maana Mzee alimwita Nelius, aliyewahi kushindana miaka mingi, awe anasafiri kutoka Majimbo, Embu, kuja kunifundisha.

Mashindano ambayo Mzee alitaka niingie na Ngano ni ya siku tatu. Siku ya kwanza farasi huonyesha utulivu mbele ya majaji, kila hatua mahali pake. Siku ya pili hukimbia mashambani akiruka magogo, mitaro na maji. Siku ya tatu huruka vijiti uwanjani. Ni siku ya kwanza pekee ambapo mpanda farasi haruhusiwi kutoa sauti. Jaji akikusikia, anakukata alama.

Mzee Kaimenyi alikuwa ameniambia waziwazi. "Maliza siku tatu na farasi akiwa mzima, nitakuajiri uwe mpanda farasi wangu, hiyo iwe kazi yako. Ukishindwa, Ngano anaenda Nairobi. Kuna mtu anamtaka."

Basi nilijaza maji mdomoni na kuyatema miezi miwili. Nelius alinionyesha kwamba nikinyamaza huwa nashikilia pumzi, na farasi anaijua pumzi iliyoshikiliwa. "Pumua kama mtu anayepepeta maharagwe," alisema. Polepole Ngano akaanza kusikiliza magoti yangu.

Siku ya kwanza hatukukatwa alama hata moja kwa sauti. Tulikuwa katikati ya orodha, na Nelius alinipiga mgongoni kama mtu anayeua mbu.

Siku ya pili tulianza vizuri. Magogo mawili, mtaro, lango la nyasi. Kisha tukashuka kwenye bwawa ambapo farasi huruka gogo moja kwa moja ndani ya maji. Watu walikuwa wamejaa pale, kwa sababu pale ndipo watu huanguka. Jua lilikuwa limepiga juu ya maji, yakang'aa kama bati jipya. Ngano akasimama.

Nikamgeuza, nikamrudisha. Nikapumua kama nilivyofundishwa, nikabana magoti. Akasimama tena, safari hii akitetemeka. Msimamizi wa kizuizi akainua vidole viwili. Kukataa mara tatu mahali pamoja, umetolewa.

Kijana mmoja kwenye umati akamwambia mwenzake, "Huyo anaogopa kuoga kama wewe, Bundi," na watu wakacheka.

Nilimzungusha Ngano mbali kidogo. Masikio yake yalikuwa yamegeukia nyuma kwangu, yakingoja. Nilishangaa anangoja nini. Kisha nikaelewa kwamba mdomo wangu ulikuwa umefumbwa tangu tuanze, na leo hakuna aliyekuwa amenikataza kusema.

Lakini watu walikuwa pale. Uso ulinichoma. Yale ninayomwambia Ngano bandani ni maneno ya mtu na mtoto wake. Sijawahi kumwambia yeyote mwenye miguu miwili.

Nikafungua mdomo. Sauti ya kwanza ilikuwa ndogo, sikio moja likacheza. Nikapaza. Nilimwambia kwa Kimeru, mbele ya wote, kwamba yeye ndiye roho yangu, kwamba haya ni maji tu, hata ng'ombe wa kwetu huyavuka, kwamba niko hapa juu na siendi popote. Nilikuwa bado nasema tulipoliruka gogo. Maji yakaruka hadi kwenye kofia yangu. Mama mmoja kwenye umati akaitikia, "Mwambie!" kama yuko kanisani.

Niliongea mpaka mstari wa mwisho.

Asubuhi ya tatu daktari alimkagua Ngano, akampitisha. Tukaruka vijiti, tukaangusha kimoja. Majina yaliposomwa, langu lilikuwa la mwisho kabisa.

Mzee Kaimenyi alinikuta nikimkausha Ngano miguu. Alikuna kidevu.

"Wa mwisho, Kawira."

"Ndiyo, Mzee."

"Yule wa Nairobi amenipigia simu. Anasema farasi huyu angekuwa wa tatu chini ya mtu mwenye uzoefu."

Kwa kawaida ningeangalia chini. Nelius, aliyekuwa akikunja blanketi, aliacha kukunja.

"Mzee, ulisema nimalize, farasi akiwa mzima," nikasema. "Nimemaliza. Mguse miguu, haina joto. Nimekosea kwenye maji, na ninajua nilichokosea. Nipe mwaka mmoja naye."

Mzee akainama, akapapasa miguu yote minne bila haraka. Ngano akamnusa kofia.

"Sikujua una sauti hivyo," akasema akinyanyuka. "Jumatatu njoo ofisini tuandike mkataba. Na huyo Madam wako mwambie aje mara nyingi zaidi."

"Mwambie mwenyewe," Nelius akasema, "nimesimama hapa."