Lebo Nyekundu ya Bosi

Hapa kwenye hifadhi ya wanyama wananiita Bi Shaka, na siku waliponipa jina hilo sikununa, maana ni kweli tupu. Mwaka wa kumi na nane huu nalea mbwa waliokataliwa na wenyewe. Nimejifunza kwamba anayeleta mbwa hasemi yote, na mbwa mwenyewe hasemi lolote, kwa hiyo wote wawili nawatazama kwa jicho la pembeni mpaka nijiridhishe.

Seremala alipomleta Bosi, machale yalinicheza kabla hajafungua mdomo. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, unga wa mbao umemjaa hadi kwenye nyusi, na gari aliliacha linanguruma getini kama mtu aliyekuja kutupa takataka. Mbwa alikuwa mweupe, mkubwa, kifua kipana. Seremala akasema mbwa huyo kamrukia baba yake bila sababu, kamng'ata mkono, kashonwa nyuzi saba. Nikamuuliza mzee alikuwa anafanya nini. Akasema hafanyi kitu, kasimama tu. Kasimama wapi? Karakanani. Kisha akasema mlangoni. Nilipomuuliza tena ni mlangoni au ndani, akatazama saa.

Mtu akitazama saa kwenye swali langu la pili, mimi huandika. Niliandika kwenye daftari: "Mleta mbwa anaficha kitu." Halafu nikamuuliza kama mbwa anatii akiitwa.

"Akitaka," alijibu. Akasoma karatasi yote, akatia sahihi, huyo akaenda zake.

Karatasi yenyewe haina maficho. Mbwa aliyemuuma mtu kwetu huvishwa lebo nyekundu, hukaa siku kumi peke yake kwenye banda la nyuma, na siku ya kumi Daktari humpima. Akifaulu, anatafutiwa nyumba. Akishindwa, anachomwa sindano na kulala usingizi usio wa kuamka. Kuna njia moja tu nyingine ya kuivua lebo ile: aliyeumwa aje mwenyewe aseme kwamba mbwa hakukosa, atie sahihi, na aliyemleta mbwa awepo asikie. Tuliweka hivyo baada ya majirani wawili kutuchezea akili mwaka fulani, mmoja anamshitaki mbwa, mwingine anamtetea, kumbe wanagombania uzio.

Na kwenye banda la nyuma kuna sheria za kutembea, ambazo nilizitunga mimi. Unavaa buti la mpira. Unanyata kwenye ile njia ya mbao, taratibu, usimshitue mbwa mwenye hasira. Ukiwa mbali unamwita kwa jina, kwa sauti ya upole, mara tatu. Nilijivunia sheria zile, nisiwafiche. Tangu nizitunge hakuna mfanyakazi aliyeumwa.

Bosi alipimwa mara ya kwanza siku ileile aliyoletwa, kama kila mgeni. Daktari wetu ni binti ambaye ningeweza kumzaa, ananiita mama, na mkono wake ni mwepesi. Kipimo chetu ni glavu iliyoshindiliwa matambara, imefungwa kwenye ncha ya fimbo. Mbwa anakula, sisi tunamwita, kisha glavu inamgusa mgongoni. Tulimwita mara tatu. Hakugeuka. Glavu ilipomgusa, jamani, aliruka akageukia hewani, na matambara yakatapakaa banda zima.

"Tumemwita vizuri, mama," Daktari alisema, kama anayetaka nimwambie kuna tuliposahau. Kweli. Tulimwita vizuri.

Kuanzia hapo nikamkazia macho. Namwita, hanitazami. Namwita kwa jina, kwa mluzi, kwa maneno ya kubembeleza ambayo hata marehemu mume wangu hakuyasikia, yeye ananipa mgongo. Nikikaribia wavuni ndipo anashituka na kunionyesha meno. Nikadhani labda ni kiziwi, sikatai, wazo lilinipitia. Lakini toroli la chakula likiingia tu kwenye njia ya mbao, kabla hata halijakata kona, Bosi ndiye wa kwanza kusimama. Wenzake wa mabanda ya mbele bado wanakoroma, yeye kashasimama mlangoni. Hapo nikasema ahaa, huyu anasikia sana, ila anachagua. Nikaandika: "Anasikia anapotaka. Ana hila. Anangoja mtu amkaribie." Siku ya tano nikaandika: "Simwamini." Daktari huwa anasoma daftari langu kuliko anavyosoma vitabu vyake, na alipofika mstari ule akashusha pumzi.

Siku ya sita akatokea mzee mmoja kwenye uzio wa nyuma. Mkono wa kulia umefungwa bendeji. Alisimama pale kutwa nzima, ameshika wavu, akatazama mabanda kama anayetafuta kitu kilichodondoka. Sikuhitaji kuambiwa huyo ni nani. Baba wa seremala, nyuzi saba. Nikajiuliza mtu aliyeumwa anamfuata mbwa wa nini, na jibu lililonijia halikuwa zuri. Nimewahi kuona nyama yenye sumu ikirushwa juu ya uzio uleule. Nikamwendea, nikamwamkia, nikamuuliza shida yake. Akasema anapunga upepo. Siku ya saba akaja tena kupunga upepo, na mara hii alikuwa na mfuko wa nailoni chini ya kwapa.

Siku ya nane niliacha kazi zangu nikajificha kwenye stoo ya chakula, mlango nimeuacha wazi kidogo. Umri wangu huu, najibanza nyuma ya magunia! Lakini sikutaka kumwona Bosi akitapika damu, hata kama nilikuwa simpendi. Mzee akapita kwenye geti dogo ambalo wazoa taka huliacha wazi, akaja mpaka kwenye njia ya mbao. Alitembea huku anapapasa nguzo moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye mbao ya mwisho akasimama. Bosi alikuwa amelala, uso ukutani.

Mzee hakuita. Aliinua mguu akakita kisigino kwenye mbao, mara mbili, kwa nguvu.

Bosi akaamka. Akageuka, akamwona, akaja wavuni mbio huku kiuno kizima kinatikisika, akajibamiza pale akilia ile sauti nyembamba ya mbwa mdogo. Mzee akaanza kufungua mfuko. Nilitoka stooni kama mshale nikaunyakua, na karibu nimwangushe.

Ndani mlikuwa na maranda, yale mabaki yaliyojikunja yanayotoka mbao ikipigwa randa. Hakuna nyama, hakuna sumu. Nilichambua mpaka chini.

"Huwa analalia haya," mzee akasema. "Nilidhani yatamliwaza."

Nilikaa palepale kwenye njia. Kichwani naliona toroli, magurudumu yake ya chuma yakitikisa mbao hizi hadi ndani ya banda, na namwona Bosi akisimama. Nikamuuliza mzee, ingawa nilishajua, huyu mbwa anasikia? Akasema hajawahi kusikia kitu maishani mwake, tangu mtoto. Ndiyo maana alifaa karakana, mashine za kupasua mbao hazikumsumbua. Nyumbani kila mtu hukita mguu kwanza. Ukikita anajua upo, basi, mpole kama kondoo.

Na mimi nilikuwa nimetunga sheria ya kunyata! Siku nane tunamvamia kwa buti laini, tunamwita kwa upole, tunamgusa mgongoni akiwa hana habari, kisha tunaandika kwamba ana hila. Nilipandwa na hasira, kwanza kwangu mwenyewe, halafu, kwa kuwa hasira haikai sehemu moja, ikamgeukia mzee. Nikamuuliza kwa nini mwanawe hakusema neno dogo kama hilo. Na yeye aliyeumwa, mbona kimya?

Mzee alisugua bendeji. Kisha akaniambia kwamba Bosi hakumrukia. Alikuwa amelala katikati ya karakana, mahali anapolala kila siku, na yeye akamkanyaga kichwa, akamwangukia na uzito wote. Alimkanyaga kwa sababu hakumwona. Mbwa mweupe, mkubwa vile, kwenye mwanga wa saa nne asubuhi, hakumwona. Mwanawe alikuja mbio akamkuta chini, damu imetapakaa, akauliza kulikoni, na yeye akajibu mbwa kamrukia.

"Nikimwambia macho yamekwisha ataniondoa kwenye mashine," alisema. "Atanikalisha sebuleni na redio. Mimi tangu nina miaka kumi na minne nanusa mbao, mama. Nilijua wanamleta huku, sikujua habari ya sindano. Nimeambiwa hapo getini juzi."

Nilimhurumia, sikatai. Lakini sikuwa na muda wa kuzungukazunguka. Nikamwambia lile daftari nimelijaza mimi kwa mkono wangu na nitalifuta, lakini mbwa alishaitafuna glavu na rekodi haifutiki kwa maneno yangu. Daktari anaweza kumpima upya, na Bosi anaweza kushituka upya. Sahihi yake yeye haina kubahatisha.

"Keshokutwa asubuhi, Mzee," nikasema. "Na mwanao lazima awepo."

Aliondoka vilevile, anapapasa nguzo.

Usidhani niliamini atakuja. Siku ya tisa niliingia bandani nikikita miguu kama askari wa gwaride, wenzangu wakinicheka, na Bosi akanitazama moja kwa moja usoni kwa mara ya kwanza. Alininusa vidole. Ningefurahi, kama nisingejua kwamba kesho yake binti wa watu ataingia na sindano kwa sababu ya mwandiko wangu. Nilimpigia seremala simu nikamwambia aje kumalizia karatasi, sikumwambia zaidi. Akauliza kama baba yake anahusika. Kwa nini aulize hivyo? Nikaandika na hilo.

Siku ya kumi walifika wote wawili, kila mmoja kivyake. Mwana alitangulia, mzee akafuata kwa miguu, na walipokutana mbele ya banda seremala alibadilika rangi. Daktari alisimama pembeni na sanduku lake. Nikaweka karatasi juu ya daftari nikaeleza sheria, kwa kifupi.

Mzee alikita kisigino kwanza, Bosi akaja wavuni. Halafu akasema yote, hakujitetea hata kidogo. Alisema nilimkanyaga. Alisema sioni vizuri, kushoto sioni kabisa. Alisema nilikudanganya, mwanangu, nisamehe.

Seremala alitazama chini muda wote ule. Nilitegemea atashangaa. Namjua mtu anayeshangaa, na huyu hakushangaa.

"Nilijua, baba," akasema.

"Ulijua nini?"

"Macho. Tangu mwaka jana. Unapima mbao kwa vidole, unadhani sioni? Ningesema mbwa ni kiziwi wangeuliza alikanyagwaje, na nani. Ningekuaibisha mbele za watu. Na angebaki pale ungemwangukia tena, siku nyingine ukiwa karibu na msumeno. Nikaona aondoke yeye."

"Ulisoma ile karatasi? Ya sindano?"

"Niliisoma."

"Na ukatia sahihi?"

"Bora yeye kuliko wewe, baba."

Kwa siku kumi nilimshuku mtu yule kwa kila ubaya, kwamba anampiga mbwa, kwamba anampiga baba yake. Kumbe alichokuwa anaficha ni hicho. Baba kamdanganya mwana asionekane kipofu, mwana kamdanganya baba asijione kipofu, na mwaka mzima wanakula meza moja, kila mmoja anamlinda mwenzake. Na katikati yao mnyama asiyesikia anakwenda kufa. Sijui kama nilitaka kulia au kuwazaba vibao wote wawili.

Mzee hakumgombeza mwanawe. Alimgeukia Daktari, akaomba kalamu.

Nilimshikia daftari lenye karatasi juu yake. Aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa, akaandika jina lake polepole, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyezoea kupiga mistari. Lakini hakuliandika kwenye karatasi. Aliliandika pembeni, juu ya jalada la daftari langu, herufi zote. Kisha akanyanyuka, akasubiri.

Seremala alikuwa ameshaona, na nilimwona akinitazama, akitikisa kichwa kidogo kunisihi ninyamaze. Daktari akashughulika na sanduku lake. Wote walikuwa tayari kuipokea sahihi ile, mzee arudi nyumbani akiamini ameandika pale panapotakiwa. Ingekuwa rahisi. Ningechukua karatasi nyingine nikamalizana na mwana, baba akiwa ameshaondoka.

"Umeikosa karatasi, Mzee," nikasema. "Umeandika kwenye jalada. Lete mkono."

Seremala alitoa sauti kama aliyechomwa na msumari. Lakini mzee alinipa mkono wake, ule wenye bendeji, nami nikaushika nikauweka kwenye mstari, ncha ya kalamu ikagusa mahali penyewe.

"Hapa?"

"Hapohapo."

Akatia sahihi. Alipomaliza hakuuondoa mkono mara moja.

"Ahsante, mama," alisema. "Mwaka mzima hakuna mtu aliyeniambia."