Nyumba ya Ozella Kwenye Uwanja wa Magari Namba Nne

Jumanne ya pili ya mwezi wa Oktoba, saa moja kasorobo asubuhi, Verlene Tolliver alifungua kibanda chake kwenye uwanja wa kuegesha magari namba nne, katikati ya mji wa Tuscamba, jimbo la Alabama. Aliweka chupa ya kahawa dirishani, akatoka kuukagua uwanja kama alivyofanya kila siku kwa miaka kumi na tisa. Mvua ilikuwa imenyesha sana. Kwenye nafasi namba thelathini na moja alikuta ngazi tatu za mbao zimeota kutoka kwenye lami. Zilikuwa za rangi ya kijivu, na ile ya juu ilikuwa na ufa upande wa kushoto. Hazikuelekea popote.

Verlene alizitazama kidogo, akaleta koni ya rangi ya machungwa akaisimamisha mbele yake. Kwenye daftari la siku akaandika: "Nafasi 31 haitumiki. Ngazi." Kisha akapiga simu ofisini.

"Zina tiketi?" aliuliza karani.

"Hazina."

"Basi tuzipe mpaka Ijumaa. Zisipoondoka tutaleta gari la kuvuta."

Gari la kuvuta lilikuja Ijumaa. Dereva alifunga mnyororo, akavuta mpaka mnyororo ukakatika, akachukua saini ya Verlene, akaenda zake. Jumapili mvua ikanyesha tena, na Jumatatu ngazi zikawa zimepata baraza, na baraza ikawa na nguzo nne na kipande cha paa.

Verlene alikuwa amezitambua zile ngazi tangu siku ya kwanza, ila hakutaka kusema kitu kabla hajawa na hakika. Sasa alimpigia simu mdogo wake, Cleophus, aliyeishi Detroit.

"Cleo, nyumba inarudi."

"Nyumba ipi?"

"Yetu. Imeshafika barazani."

Cleophus alipunguza sauti ya televisheni. "Ina choo?"

"Bado."

"Hata zamani kilichelewa," alisema. "Ikifika jikoni uniambie, dada."

Mtu wa kwanza kulalamika alikuwa Shemasi Purvis, ambaye kila asubuhi aliegesha namba thelathini kisha akavuka barabara kwenda kufungua duka lake la kinyozi.

"Verlene, nani kanilia nafasi yangu?"

"Hakuna aliyekulia, Shemasi. Ni baraza ya mama, imefika mpaka hapa."

Shemasi alivua kofia, akaangalia zile nguzo juu mpaka chini. "Msalimie akifika," alisema, akaenda kuegesha mtaa wa pili.

Kabla ya lami, hapo palikuwa na mtaa ulioitwa Cedar Row: nyumba arobaini na tatu, makanisa mawili, duka la dawa, na mzee wa kuzika watu. Mwaka 1967, Verlene akiwa na miaka tisa, wakuu wa mji walitangaza kwamba mtaa ule umechakaa, na kwamba mji hauwezi kukua ukiwa na kidonda moyoni. Wakasema watajenga maduka na ukumbi mkubwa wa mikutano. Asubuhi tingatinga lilipokuja, mama yake, Ozella, alikuwa akipiga pasi mapazia, kwa sababu hakutaka nyumba iondoke na mapazia yaliyokunjamana. Alimaliza la mwisho, akayakunja yote, akatoka nayo mkononi. Ukumbi haukujengwa. Maduka hayakujengwa. Ozella alifariki miaka minne baadaye katika vyumba vya kupanga ng'ambo ya reli, ambako madirisha yalikuwa marefu na mapazia yake yaliishia katikati.

Habari za baraza zilimfikia Grady Lassiter, mkuu wa Ofisi ya Kufufua Katikati ya Mji. Lassiter alikuwa mtu mwema aliyeupenda mji ule kuliko ulivyompenda. Kwa miaka kumi na moja alifanya kila alichoshauriwa na wataalamu wa miji ya kadiri ile, isiyo mikubwa ya kujitosheleza wala midogo ya kuhurumiwa. Alipunguza upana wa barabara kuu ili magari yaende taratibu. Alitandaza matofali, akapanda miti ya kivuli, akaweka taa za mtindo wa kale. Ghala la pamba aliligeuza kuwa kiwanda cha bia, na ghorofa za juu za benki iliyokufa akazifanya nyumba za vijana waliofanya kazi hospitalini. Kila jambo lilisaidia kidogo. Lakini jioni ikifika mji ulikuwa ukibaki mtupu, na watu wa kwenda pwani waliupita bila hata kusimama kununua maji. Wataalamu walimwambia kilichobaki ni kitu kimoja: mahali ambapo mtu anasimama bila kujua kwa nini amesimama.

Jumamosi moja ya Novemba alikwenda uwanja namba nne, akasimama karibu na kibanda cha Verlene, akahesabu. Ndani ya saa moja watu mia mbili na kumi na wanne walisimama mbele ya ile baraza. Wengi walipanda, wakakaa sakafuni, wakawapigia ndugu zao simu.

"Bi Verlene," alisema, "unadhani itaendelea?"

"Mvua ikinyesha itaendelea."

Shemasi Purvis, aliyekuwa akipita na sandwichi yake, alimgeukia. "Ofisi yenu si inaitwa ya kufufua? Sasa mlifikiri atafufuka nani?"

Lassiter alicheka, kisha akaacha kucheka, akaandika kitu kwenye kijitabu chake.

Majira ya baridi yalikuwa ya mvua. Desemba kilikuja chumba cha mbele, chenye karatasi za ukutani za maua ya bluu. Januari vilikuja vyumba viwili vya kulala, na kwenye fremu ya mlango zilikuwepo alama za penseli za urefu wa Verlene na Cleophus. Verlene aliinama akazigusa, halafu akarudi kibandani kwa sababu kulikuwa na gari linalongoja kutoka. Nyumba ilipozidi kukamilika ndivyo mtaa ulivyozidi kuchangamka. Duka la vitabu lilifunguliwa upande wa kusini, la maua upande wa mashariki. Hoteli ndogo iliyofungwa miaka thelathini ilirudishiwa vioo. Watu wa kwenda pwani wakaanza kusimama, wakala, wakalala.

Chumba cha jikoni kilifika tarehe kumi na nne Machi, na Ozella alikuwa ndani yake.

Verlene alimwona kupitia dirishani, amesimama kwenye jiko akikoroga uji mzito wa mahindi. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Verlene alikuwa na sitini na tano. Alifunga kibanda, akatundika kibao cha "Narudi sasa hivi," akapita kati ya magari mawili.

"Verlene," alisema mama yake bila kugeuka, "futa miguu."

Akafuta miguu.

Ozella akageuka, akamtazama vizuri. "Umezeeka."

"Ndiyo, Mama."

"Umependeza lakini. Umeolewa?"

"Niliolewa. Alikuwa mtu mzuri. Alifariki mwaka juzi."

"Hata huko nilikokuwa hajanipitia," alisema Ozella, akampakulia uji, akaweka siagi juu. Alisogea dirishani. "Magari ya nani yale?"

"Ya watu. Mimi ndiye ninayeyatunza."

"Kwenye bustani ya Lula?"

"Ndiyo, Mama. Kwenye mboga zake za sukuma wiki."

Ozella alifungua mlango, akashuka, akatembea mpaka nafasi namba thelathini na sita, mahali lilipokuwa geti la jirani yake Lula. Alisimama hapo kwa muda na mikono kiunoni. Alirudi akanawa miguu, maana alikuwa peku na lami ilikuwa ya moto.

"Wengine wanakuja lini?"

"Sijui, Mama. Ni yetu tu iliyorudi."

Baada ya chakula Ozella aliketi kwenye kiti, akamwambia mwanawe akae chini. Alimfungua kilemba, akampaka mafuta kichwani, mstari kwa mstari, kama alivyokuwa akifanya Jumamosi jioni kabla ya kanisa. Magoti ya Verlene yaliuma kukaa sakafuni lakini hakuinuka. Nje mtu alipiga honi, akapiga tena, akachoka.

"Nywele zako zimekuwa laini," alisema mama yake.

"Ni uzee tu."

"Tulia basi. Usichezeshe kichwa."

Wiki iliyofuata Verlene alivaa suti yake ya kanisani, akaenda ofisi za mji kuomba arudishiwe nyumba ya mama yake. Mwanasheria wa mji alimkaribisha vizuri na kumpa maji. Alimweleza kwamba kiwanja kilitwaliwa kihalali mwaka 1967, na kwamba kinachoota juu ya ardhi ni cha mwenye ardhi, kama nyasi, kama mti. Nyumba hii haikujengwa na mtu. Iliota. Kwa hiyo ni ya mji.

"Na mama yangu?"

Mwanasheria alipekua karatasi. "Alikuja pamoja na jiko," alisema taratibu. "Hatuna nia ya kumsumbua."

Lassiter alikuwepo, ameketi pembeni. Alimfuata Verlene mpaka kwenye lifti. "Nimejaribu, Bi Verlene. Naapa nimejaribu. Nimewaambia hapa pana kosa la zamani."

"Wakasemaje?"

"Wakasema ndiyo, lipo. Wakaenda kwenye ajenda inayofuata."

Verlene alibonyeza kitufe cha lifti. Hakuwa na hasira naye. Alihisi kitu kilichofanana na siku ile ya mapazia: watu wanaongea kwa adabu, na nyumba inaondoka.

Mwezi Aprili baraza la madiwani lilijadili baraza ya akina Tolliver kwa dakika arobaini. Diwani mmoja aliuliza kama yule mama anapika. Verlene alisimama, akasema, "Anawapikia watoto wake." Ikaandikwa. Kwa kura saba dhidi ya mbili nyumba ikakodishwa kwa mke na mume kutoka Nashville, wafungue mgahawa wa kifungua kinywa. Walikuwa watu wapole. Walijenga jiko lao kubwa nyuma, wakamwachia Ozella jiko lake. Mkaguzi wa afya alikuja, akapekua kanuni, akaona hazisemi lolote juu ya marehemu, akaweka muhuri.

Wageni wakaanza kuja kutoka miji mingine ya Kusini, wenye kofia na vitambulisho shingoni, kujifunza Tuscamba imefanyaje. Lassiter aliwatembeza. Aliwaambia kweli yote aliyoijua: uvumilivu, njia pana za waenda kwa miguu, watu waishi juu ya maduka, msiyaguse majengo ya kale. Meya wa mji mmoja wa Georgia akamuuliza namna ya kuipata nyumba kama ile.

"Kwanza lazima muwe mmewahi kuibomoa," alisema Lassiter.

Meya alisema hilo halingekuwa tatizo, akaandika.

Mwezi Juni lami yote iling'olewa, pakawekwa nyasi, na magari yakahamia jengo jipya la ghorofa nne ambako mashine ndiyo hupokea tiketi. Verlene alipewa cheti na keki. Kibanda chake kilibebwa na lori. Jioni ile alimpigia Cleophus simu, na Cleophus alisema atakuja kumwona mama mara tu goti lake litakaporuhusu safari. Akauliza kama kweli mama bado anachanganya sukari kwenye maharage. Verlene akasema ndiyo. Wote wawili wakalia kidogo, kila mmoja kwake.

Jumamosi ya kwanza bila kazi Verlene alivaa gauni la njano, akaenda kumtembelea mama yake. Barazani kulijaa watu. Msichana mwenye orodha alikuwa amesimama mlangoni.

"Jina lako, Bi?"

"Tolliver."

"Mko wangapi?"

"Mmoja."

"Ni dakika arobaini."

Yule mume kutoka Nashville alimwona, akaja mbio akipangusa mikono. "Bi Verlene, wewe usipange foleni. Pita mlango wa nyuma wakati wowote. Wakati wowote kabisa." Alisema kwa moyo safi.

Sauti ya Ozella ikatoka jikoni. "Mwanangu hapiti nyuma."

Akatokea, akipita kati ya meza, na wateja wakasogeza viti kumpisha. Kwa miaka ishirini na miwili Ozella alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma katika nyumba kubwa za Wazungu wa kilimani, aproni ikiwa ndani ya mfuko wa karatasi, na alikuwa ameamua zamani kwamba hilo litaishia kwake. "Atangoja kama watu," alimwambia yule bwana, bila ukali. Kisha akatoka nje, akaketi kwenye benchi, akapapiga kwa kiganja mahali pa mwanawe kukaa.

Wakakaa. Ozella alitaka kujua gauni limeshonwa na nani. Verlene alisema limenunuliwa, na Ozella akageuza pindo akalikagua, akasema mshono si mbaya kwa kitu cha dukani. Walisema habari za Lula, na za mume wa Verlene, alivyokuwa akiimba vibaya akinyoa ndevu. Upande wa pili wa nyasi duka la aiskrimu lilikuwa linafunguliwa, watu wanapiga makofi.

"Tolliver!" aliita msichana. "Mtu mmoja?"

"Wawili," alisema Ozella.

Msichana alitazama orodha yake, akafuta, akaandika upya. "Meza ya wawili ni dakika ishirini zaidi, mama. Samahani sana."

Ozella alimgeukia binti yake. "Una haraka?"

"Sina, Mama."

"Haya basi," alisema Ozella, akasogea upande wa jua ili Verlene apate kivuli.