Kura ya Kumtafuta Muuaji

Lamya alikuwa na utaratibu wake, na watu elfu kumi na moja wa kundi la mtandaoni la Kesi Zilizolala walishauzoea. Kifo kimoja, mada moja. Kichwa cha mada kibebe jina la marehemu na mahali alipofia, si jina la anayeshukiwa. Taarifa ya polisi ibandikwe juu, uvumi ufutwe. Kazi hiyo aliifanya bure, mchana, wateja wakipungua kwenye steshenari ya familia yao mjini Tabora.

Jumatatu alifungua simu akakuta mada mpya: "Mfuga nyuki wa Ipole: nani kamuua? Piga kura." Chini yake kulikuwa na majina manne. Kura mia tisa zilikuwa zimemwangukia Recheli, mjane wa Deus, yule mfuga nyuki aliyekutwa amekufa karibu na mizinga yake. Polisi walikuwa bado wanachunguza. Lakini mtu alikuwa amebandika picha ya mazishi na kuandika kwamba mjane hakulia, basi ikatosha.

Lamya aliifuta. Kabla hajamaliza kumtolea mteja nakala, kura ilikuwa imerudi. Aliyeirudisha ni Yaser, mtoto wa ami yake, mwanzilishi wa kundi.

"Tangu jana wameingia watu mia sita," alimwandikia. "Usiniharibie."

Lamya alikasirika, ila akajiambia ni maneno ya mtandaoni tu, akaiacha.

Alhamisi mama yake, Bi Tufaha, alirudi kutoka sokoni bila asali.

"Nani atakula asali ya mwanamke aliyemuua mumewe?" alisema. "Sokoni wote wanajua. Kapigiwa kura."

"Na nani, Mama?"

"Si hilo kundi lenu?"

Lamya alijitupia mtandio, akaenda sokoni karibu anakimbia. Alimkuta Recheli nyuma ya madumu saba yaliyojaa, wauzaji wenzake wamesogeza meza zao mbali naye.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye ninayepanga mada za lile kundi."

Recheli aliinua uso. "Marahaba. Wewe ndiye unayepanga? Basi nipange mahali ambapo sikuua mtu." Kisha akasema, "Nililia siku tatu, binti, mpaka sauti ikakauka. Aliyepiga picha alikuja siku ya nne."

Lamya alimwomba waongozane. Steshenari alichapisha mada yote, kurasa arobaini na mbili, pamoja na ujumbe wa watu waliotishia kumchomea Recheli nyumba. Wakaenda wote wawili dukani kwa Yaser, anakouza simu.

"Hayo ni maoni ya watu," Yaser alisema, macho yakiwa kwa Lamya peke yake.

"Huyu hapa mwenye jina. Mwambie yeye."

Yaser alikohoa. "Mama, sisi tulikuwa tunajadili tu."

"Mmejadili mpaka asali yangu imekosa mnunuzi," Recheli alijibu. "Mlinijadili na nani? Mbona mimi hamkuniuliza?"

Yaser aliifuta kura mbele yao. "Haya, yameisha. Hizo karatasi nipe."

"Za kwako zipi?" Lamya alimaka. "Hizi zinakwenda polisi. Ungemweka mama yako kwenye kura, Yaser? Ungempigia na wewe?"

Kituoni askari alizisoma zote, akaandika maelezo ya Recheli, akaagiza Yaser aitwe kesho yake. Jioni hiyo Yaser alimtoa Lamya kwenye kundi. Recheli alirudi Ipole na madumu matano. Mawili, baada ya Lamya kumsimulia yote, alikuwa ameyanunua Bi Tufaha, ambaye hakuthubutu kumtazama machoni.

Katika wale mia tisa waliompigia kura, hakuna aliyeomba radhi. Mmoja tu alimtafuta Lamya, siku ya pili yake, akamwuliza kura imehamishiwa wapi. Lamya alimpigia simu, akamwambia yaliyomjaa moyoni tangu Jumatatu, wala hakupunguza sauti wateja walipoingia.