Sahani Iliyovuka Barabara

Safari ilikuwa ya Mlafi. Alikuwa fundi bomba, na jina hilo alipewa shuleni akalipenda kuliko lile alilopewa na wazazi. Akimwona mtu anakula, hata kama hamjui, lazima asogee aulize kumewekwa nini. Kwa muda mrefu alikuwa akiwasumbua rafiki zake wawili kwamba wanaishi karibu na jiji kubwa namna ile na hawajawahi kula chakula chake.

"Mnakwenda, mnanunua vitambaa na mashine za kunyolea, mnarudi na njaa," alisema. "Hiyo ni dhambi."

Wa kwanza alikuwa Mshonaji, shemeji yake wa kike, kwa kuwa dada mkubwa wa Mshonaji ndiye mke wa Mlafi. Wa pili alikuwa Kinyozi, ambaye alikaa na Mlafi dawati moja tangu darasa la kwanza. Kinyozi alikuwa mtu mpole hadi watu wakamtania. Wateja walisinzia kwenye kiti chake. Nzi akiingia dukani, Kinyozi humfungulia dirisha.

Jumamosi ile umeme ulikatika mji mzima. Cherehani ya Mshonaji ilikuwa ya umeme, na mashine za Kinyozi hali kadhalika. Mlafi akawapigia simu wote wawili. "Hamna visingizio leo. Vaeni."

Walifika jijini jua likiwa limeshapanda, wakaingia mtaa wa vyakula nyuma ya soko. Mlafi aliweka sheria: sahani moja, midomo mitatu, na hakuna kushiba mpaka mwisho wa mtaa. Wakala viazi vya kukaanga, wakala samaki aliyepasuliwa mgongoni na kujazwa vitunguu. Kinyozi alikwamwa na mwiba kooni, Mlafi akampiga mgongoni hadi machozi yakamtoka, na Mshonaji akacheka mpaka akashika ubavu. Wakaketi kwa mama mmoja muuza supu, mwanamke mnene aliyefunga taulo begani.

"Huko mbele kuna nyama ya kuchoma?" Mlafi alimwuliza.

"Ipo. Mabanda mawili yanatazamana. Wale ni ndugu, baba mmoja mama mmoja. Baba yao alipofariki wakagombania jiko lake, na mpaka leo hawasalimiani. Mkubwa yuko kulia, mdogo kushoto." Mama akamwongezea supu bila kuulizwa. "Chagua mmoja, kula, nenda zako. Usivuke."

"Nisivuke barabara?"

"Usivuke ukiwa na mafuta mdomoni. Mwaka jana walitoana damu kwa sababu ya kiti."

Mlafi alicheka supu ikampalia.

Wakaenda kwa mkubwa. Alikuwa mtu mzito, wa maneno machache, akichoma kwenye jiko la pipa lililopasuliwa katikati. Aliwakatia nyama juu ya gogo, akaweka chumvi na pilipili pembeni, akarudi kwenye moto wake. Nyama ilikuwa nzuri kweli. Mlafi alifumba macho akitafuna. Kisha upepo ukageuka, moshi wa banda la pili ukawafikia.

"Huyu mdogo anatia ndimu," akasema akinusa. "Na kitu kingine. Shemeji, unasikia?"

"Nasikia. Kula."

Mlafi akanyanyuka na sahani mkononi, nyama ikiwa bado nusu.

"Kaa chini, bwana," Kinyozi akamwambia.

"Naenda kulinganisha tu. Hawa ndugu wamegombana bure. Leo nawapatanisha kwa tumbo langu."

Barabara yenyewe ilikuwa ya hatua chache, mtaro wa maji machafu ukipita upande wa mdogo. Mlafi aliuruka mtaro na mwili wake wote, akaweka sahani juu ya meza ya mdogo. Mdogo alikuwa mwembamba, mrefu, mikono imejaa mishipa. Alikuwa anakata mbavu. Akaitazama sahani.

"Hiyo imetoka wapi?"

"Kwa kaka yako. Nipe kipande chako hapa pembeni nionje, halafu nitoe hukumu."

"Irudishe."

"Basi onja na wewe. Lini umekula nyama ya kaka yako?"

Alisema akitabasamu, kama anavyosema na kila mtu. Wateja wawili kwenye benchi waliacha kutafuna. Mdogo aliipiga sahani kwa kiganja, nyama ikaingia mtaroni.

Mkubwa aliona. Akaja hadi katikati ya barabara na kisu chake mkononi. "Umemwaga chakula changu."

"Kiokote."

"Baba alikufa akilitaja jina lako. Ulikuja kesho yake kuuliza jiko."

"Na wewe ulikuwa umeshalikalia kabla maiti haijatoka."

Mlafi akainua mikono, akasimama kati yao. "Jamani, ni nyama tu. Kosa langu, nitanunua nyingine kwa wote wawili."

Mdogo alikuwa ameshachukua sepeto. Alichota makaa ya moto, akamrushia kaka yake juu ya bega la Mlafi. Makaa mengi yalimpita, machache yakamwangukia mkubwa shingoni na kifuani. Akanguruma na kurudi nyuma akijikung'uta, shati likifuka moshi. Watu wakaanza kukimbia, wengine kuja mbio. Mlafi, badala ya kuondoka, alimkumbatia mdogo kutoka mbele ili amzuie, na mdogo akampiga kichwa usoni. Pua ya Mlafi ililia kama kijiti kinachovunjwa. Akapepesuka, akashika alichoweza kushika, na alichoshika kilikuwa ukingo wa jiko la mdogo, nalo la pipa. Jiko likapinduka naye. Mkono wake wa kulia ukabaki chini ya pipa, kwenye moto, na akatoa yowe ambalo Mshonaji hakuwahi kulisikia kwa binadamu.

Aliutoa mkono, ngozi ikabaki kwenye bati. Mdogo alimrukia kifuani hapo hapo chini, goti likiwa shingoni, akampiga ngumi moja, ya pili, ya tatu kwenye pua ile ile iliyovunjika. "Nani kakutuma?" alikuwa anauliza. "Nani kakutuma na sahani?" Mlafi alishindwa kujibu, mdomo umejaa damu. Mkono wa mdogo ukapapasa juu ya meza, ukapata kisu cha mbavu.

Mshonaji alikimbia kuelekea kwao. Kinyozi alimpita. Alipita kimya, akaruka mtaro, akaokota nondo ya kuchochea moto iliyokuwa imeanguka na jiko. Ilikuwa ya moto na aliishika hivyo hivyo. Kisu kilipopanda juu, aliupiga mkono ulioshika kisu. Mfupa ukakatika, mkono ukaning'inia, kisu kikaanguka mbali. Mdogo akageuza uso kumtazama, mdomo wazi, na mambo yangeweza kuishia pale.

Kinyozi akampiga sikioni. Mdogo akaanguka ubavu, akaanza kutambaa kuelekea mtaroni. Kinyozi akamfuata. Akampiga mgongoni, akampiga kisogoni. Hakutukana wala hakufoka. Alipumua kwa pua, uso umetulia, kama anamalizia kunyoa ndevu za mtu.

"Acha," Mshonaji alimwita. "Ameshaanguka. Acha, utamwua."

Nondo ilipanda tena, ikashuka. Mdogo hakutambaa tena, miguu tu ikawa inatetemeka. Ikapanda, ikashuka. Mshonaji alimshika Kinyozi shati kutoka nyuma, shati likachanika likabaki mkononi mwake.

Ndipo mkubwa akafika. Muda mfupi kabla alikuwa amekuja kumchinja ndugu yake. Sasa alitoa sauti nyembamba, ya mtoto. "Mdogo wangu," alisema. "Mdogo wangu huyo." Kisu alichokuja nacho kwa ajili ya mmoja alimtia mwingine. Kilimwingia Kinyozi chini ya mbavu hadi mpini, kikatoka, kikaingia tena chini zaidi. Kinyozi aliachia nondo. Akakaa chini taratibu, kama mtu anayetafuta kiti, akaweka mikono tumboni na kutazama kinachotoka kati ya vidole.

Wanaume wa mabanda ya jirani walimwangukia mkubwa, wakampokonya kisu, wakampiga ngumi na mateke hadi mama muuza supu akaingia kati yao na mwiko wake wa chuma. Mmoja wao mama alimpiga kwa mwiko huo kwenye meno. "Mmeshashiba damu?" aliwauliza. "Au niwapakulie nyingine?"

Mshonaji alikuwa amevua mtandio, ameukunja, amelala nao juu ya tumbo la Kinyozi kwa uzito wake wote. Mlafi alikaa karibu, mkono wake mwekundu ameunyanyua juu, akirudia maneno yale yale: nililinganisha tu, shemeji, nililinganisha tu.

Mkokoteni uliopatikana ulikuwa mmoja. Wakawalaza wote wawili, Kinyozi na mdogo, bega kwa bega juu ya magunia matupu. Mwenye mkokoteni alikuwa amekimbia. Mkubwa, uso umevimba, shingo imejaa malengelenge, akashika mipini akasukuma. Hakuna aliyemzuia. Mshonaji alikimbia pembeni akiendelea kukandamiza tumbo la rafiki yake, na aliyemchoma rafiki yake alikuwa anahema karibu na sikio lake, akisema, "Pisheni, pisheni." Hivyo ndivyo walivyofika hospitali.

Mdogo hakuamka. Alikufa Jumatatu.

Kinyozi walimkata kipande cha utumbo, akapona. Mshonaji alipomwona alikuwa amefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda, na askari akisinzia mlangoni. Viganja vyake vyote viwili vilikuwa na bendeji kwa sababu ya ile nondo.

"Nilikuita," Mshonaji alimwambia.

"Nilikusikia."

"Mbona hukuacha?"

Kinyozi alitazama bendeji za viganja vyake. "Pigo la kwanza, lile la mkono, nilipiga kwa ajili ya Mlafi. Baada ya hapo nikawa nasikia raha. Sina mwingine wa kumwambia neno hili, nakuambia wewe." Akageuza uso ukutani. "Wakikuita mahakamani, sema ulichoona."

Mlafi hakutaka hivyo. Alikuja na mkewe nyumbani kwa Mshonaji, mkono umefungwa hadi kiwikoni, vidole viwili vimegandana na daktari amesema havitakunjuka tena. Hakuuliza kilichoko jikoni.

"Utasema alimpiga mkononi tu," alimwambia. "Mtu akaanguka mwenyewe, kichwa kikagonga jiko."

"Sikuona hivyo, shemeji."

"Yule aliniokoa. Bila yeye, dada yako huyu ni mjane sasa hivi."

"Najua. Hilo nitalisema la kwanza."

"Sema hilo, unyamaze."

Dada mtu alikuwa akitazama sakafu. "Mdogo wangu," alisema, "usitufanyie hivi."

Mahakamani Mshonaji alisema yote. Alisema jinsi kisu kilivyonyanyuliwa juu ya Mlafi, na jinsi Kinyozi alivyomwokoa. Hakimu akamwuliza kilichofuata. Akasema mtu alikuwa ameanguka, anatambaa, hana kitu mkononi, na nondo iliendelea. Kinyozi alitikisa kichwa kukubali kila sentensi. Mkubwa naye, aliyeletwa na pingu zake kwa kesi ya kisu, aliulizwa nani alianza ugomvi. "Sisi tulikuwa tunagombana," alisema. "Tungegombana mpaka uzeeni. Hatukuomba mtu." Akalia hadi askari wakamtoa nje. Wote wawili walifungwa, Kinyozi kwa miaka mingi zaidi.

Kwenye ngazi za mahakama Mlafi alimsubiri Mshonaji. Alimzaba kofi kwa mkono wa kushoto, mkono asiouzoea, likampata sikioni badala ya shavuni. Mshonaji akayumba, akashika ukuta. Miaka yote hiyo hakuwahi kumwona Mlafi akimpiga mtu, hata watoto wake. Mlafi mwenyewe aliutazama mkono wake kana kwamba ameletewa na mtu mwingine. Kisha akashuka ngazi. Dada mtu akamfuata, hakugeuka.

Miezi ilipita bila dada kupiga simu. Sikio lilivuma usiku, kisha likaacha. Asubuhi moja mama yake Kinyozi aliingia katika chumba cha kushonea, ana kitambaa cha kijivu chini ya kwapa. Mshonaji alisimama. Alidhani ni kofi lingine, na alikuwa tayari kulipokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama aliweka kitambaa mezani. "Nataka gauni la kwendea gerezani. Lisiwe na mifuko, maana wanapekua hadi unaona aibu. Na mikono mirefu, kule kuna baridi."

Mshonaji akachukua futi yake ya kamba. Alimpima mabega, akampima kifua. Mama alisimama wima, akitazama cherehani.

"Alikuwa analia," mama aliuliza, "wakati anampiga yule kijana?"

Mshonaji alishusha futi. Angeweza kusema ndiyo, na hakuna ambaye angemfunga kwa hilo.

"Hapana, mama. Hakuwa analia."

Nje mtu alipita akiburuta kitu cha bati.

"Mimi hakuniambia," mama alisema. "Nikienda kule ananiuliza habari za majirani." Alivuta pumzi, akanyoosha mkono wa kulia mbele ili upimwe. "Haya, mama. Endelea."

Mshonaji akaweka ncha ya futi begani, akaishusha polepole hadi kwenye kifundo cha mkono.