Saksafoni ya Sumari Inalia Mjini

Jumapili ya mavuno, kanisani Tengeru, wenzake Sumari walileta ndizi, maharage na kuku. Kahawa ya Sumari ilikuwa imeshambuliwa na wadudu, kwa hiyo yeye akatoa muziki aliouandika kwenye karatasi: jazi aliyoipangia bendi kubwa, kila tarumbeta na sehemu yake, kila ngoma na mahali pa kunyamaza. Baada ya ibada sadaka zikanadiwa nje kama kawaida. Calvin, kiongozi wa bendi ya hoteli moja Arusha mjini, akaununua ule muziki pamoja na jogoo.

Tangu siku hiyo Sumari akipuliza saksafoni yake nyumbani, haitoi sauti. Sauti inatokea mjini, kwenye saksafoni ya Calvin, ambaye siku hizi anavimbisha mashavu tu. Makofi ya wageni na maneno ya huko ndiyo yanarudi huku, yanamwagika kutoka kwenye saksafoni hadi migombani.

"Baba Brenda, geuzia huko kwenye kahawa," mkewe Tabea humwambia. "Mtoto kalala."

Sumari alienda kwa mchungaji.

"Shikamoo mchungaji. Sitaki kurudishiwa sadaka. Nataka tu jina langu litajwe."

"Marahaba. Sasa na mwenye jogoo naye akitaka kutajwa? Kitu kikishanadiwa, baba, kimeenda."

Sumari akajaribu kuacha kupiga. Vidole vikacheza vyenyewe kwenye mpini wa jembe, na mjini muziki ukatoka vilevile.

Juzi Calvin kapewa tuzo ya mpangaji bora wa muziki. Sumari na Tabea walikaa jikoni wakimsikiliza kupitia saksafoni. Akamshukuru Mungu. Akashukuru hoteli, mkewe anayempigia pasi mashati, dereva. Sumari akasogeza kigoda karibu. Calvin akamshukuru na yule jogoo, kwa kumwamsha mapema.

Akamaliza.

Tabea akaingiza uso kwenye mdomo wa saksafoni. "We Calvin! Na Sumari je? Huo muziki kaupanga mume wangu, mwizi wewe!"

Maneno yakatokea ukumbini, kwenye saksafoni ya Calvin, safi kabisa, neno kwa neno. Watu wakanyanyua simu kurekodi.

"Jamaa ni noma!" mmoja akapiga kelele. "Saksafoni anaifanya iongee Kiswahili!"

Calvin akainama kwa heshima.

Makofi yakaanza kumwagika jikoni, mengi kuliko siku zote. Sumari akaigeuzia saksafoni dirishani, kwenye kahawa, mtoto asiamke.